Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu Dar es Salaam: shule ya mtaa iachwe kwa watoto wa mtaa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Na Wakurugenzi wa Jiji na Manispaa za Dar es Salaam.

YAH: KUZIGEUZA SHULE ZA MSINGI ZA SERIKALI KUWA ZA MCHEPUO WA KIINGEREZA ZENYE ADA

Waheshimiwa, kwa walionizidi umri, shikamooni. Kwa waliobaki, ambao nadhani ndio karibu wote, marahaba.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Kariakoo, nimefundisha Ilala na Upanga, na naishi kwenye ghorofa lililokuwa la Msajili wa Majumba, siku hizi la Shirika la Nyumba la Taifa. Hivi karibuni tuliitwa kwenye kikao cha mtaa tukaambiwa kwamba shule ya msingi ya serikali iliyo jirani yetu inafikiriwa kufanywa ya mchepuo wa Kiingereza. Kutakuwa na ada. Watoto wataingia kwa usaili, na wasiofaulu watapangiwa shule nyingine. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa kikaoni kila mtu alipewa dakika mbili tu, nimeona nieleze sababu zangu kwa maandishi.

Usaili huo naujua. Niliufanya mwaka 1962.

Kwa wasiokuwepo wakati ule, kabla ya Uhuru Tanganyika ilikuwa na shule za aina tatu, na mzazi hakuwa na haja ya kuuliza mwanawe aende ipi. Wazungu walikuwa na zao, Wahindi na zao, Waafrika na zetu. Mji nao ulikatwa vivyo hivyo: Uzunguni kando ya bahari hadi Oysterbay, Uhindini katikati ya mji, Uswahilini Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakoloni waliacha eneo wazi wakisema ni kwa ajili ya afya, yaani maradhi ya Waswahili yasivuke. Eneo hilo ndilo Mnazi Mmoja. Leo tunafanyia sherehe pale, na ni vizuri, ila halikuachwa ili watu wapunge upepo.

Mtoto wa Kiafrika alianza darasa la kwanza mpaka la nne, kisha mtihani ukawachuja, na wachache waliopita wakaenda shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Wengi safari yao iliishia hapo kwenye la nne. Wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1950, watoto wa Wazungu walijengewa Iringa shule ya bweni ya St Michael's and St George's, yenye majengo ambayo hata leo mpita njia anasimama kuyatazama. Ndiyo iliyokuja kuwa Sekondari ya Mkwawa.

Sheria ya Elimu ya 1961 ilifuta mpango huo kuanzia 1 Januari 1962, bendera ya Uhuru ikiwa haijamaliza hata mwezi mlingotini. Vijana wetu wanazijua habari za wale watoto tisa weusi wa Little Rock, Marekani, walioingia shule mwaka 1957 wakilindwa na wanajeshi. Ukiwauliza habari za Januari 1962 hapa kwao, wanakutazama tu. Nadhani ni kwa sababu hapa hapakuwa na kelele. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyeleta askari, na bado wengi wetu tulibaki nje. Shule zilizokuwa za Wazungu na za Wahindi ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza na kutoza ada. Rangi haikuulizwa tena. Kilichoulizwa ni Kiingereza, na baba ana kazi gani.

Tulikwenda watoto wawili siku moja, mimi na rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja, zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati. Baba yangu alikuwa karani bandarini. Jioni alikuwa akinisomesha Kiingereza kwa gazeti la Tanganyika Standard, hasa ukurasa wa matangazo maana ulikuwa na picha. Baba yake yeye aliuza mihogo ya kuchoma sokoni. Tulivuka Mnazi Mmoja tumeshikana mikono, baba yangu mbele, hadi kwenye shule iliyokuwa ya Wahindi.

Mwalimu mama akaweka mezani sinia la bati. Juu yake palikuwa na kijiko, kibiriti, kufuli, kitana, mshumaa, rili ya uzi, ndimu na subana. Ukikitaja kitu kwa Kiingereza unapewa alama. Mimi nilikwama kwenye subana tu, na baba alipoulizwa baadaye na mama alikiri hata yeye haijui. Rafiki yangu alivitaja vyote kwa Kiswahili, haraka haraka, na kwenye subana akaonyesha na kidole inavyovaliwa. Mwalimu alitabasamu, lakini hakuandika kitu. Yule binti kwa hesabu alikuwa akinishinda mbali, maana ndiye aliyekuwa akirudisha chenji pale kwa baba yake. Hesabu hakuulizwa. Mwaka ule mimi nikavaa sare mpya, yeye akabaki alikokuwa, akamaliza la nne na ikawa basi.

Ndani ya shule mambo hayakuwa mabaya. Waafrika tulikuwa wa kuhesabika, na siku za mwanzo tulijibanza dawati moja la nyuma mpaka mwalimu wetu, Mgoa mmoja mkali wa hati nzuri, alipotusimamisha wote ukutani na kutupanga kwa urefu. Mrefu nyuma, mfupi mbele, basi. Nikaangukia kati ya binti wa fundi cherehani na binti wa sonara. Wao walikuja na kachori na chapati ndani ya vyombo vya bati vinavyopandana; mimi nilikuwa na senti za kununulia muhogo wa pilipili getini. Haikuchukua muda biashara ikaanza. Mpaka leo nikihesabu ngazi za ghorofa hili huwa naanza kwa Kigujarati, ek, be, tran, char, na wao wakajua mchezo wetu wa kombolela kuliko sisi.

Lakini kengele ikilia tulitoka pamoja hadi ukingo wa Mnazi Mmoja, na pale tukaachana. Wao walirudi Uhindini, sisi tukavuka. Katika miaka yote ile sikuwahi kuingia nyumbani kwa hata mmoja wao, wala wao kwetu. Urafiki ulikuwa wa saa za masomo.

Urafiki huo tuliona ulivyokuwa mwepesi Januari 1964, wanajeshi walipoasi na maduka ya Wahindi na Waarabu kuvunjwa Kariakoo. Mwenye duka wa mtaani kwetu alikimbia na familia yake. Baba na wapangaji wenzake waliingia kuokoa kilichookoka, na mzee mmoja akatoka amekumbatia daftari la madeni la yule Mhindi. Wapo waliomtazama vibaya kweli, maana nusu ya mtaa ilikuwa mle ndani. Hali ilipotulia alilirudisha, na mwenye duka akaendelea kukopesha. Shuleni wenzetu walipotea kwa siku kadhaa. Waliporudi walijikusanya kona moja, nasi kona nyingine, na yule Mgoa ikabidi atusimamishe ukutani tena.

Nimeeleza yote haya kwa kirefu kwa sababu siku hizi nasikia viongozi wakisema nchi yetu ilimaliza ubaguzi wa shule mwaka 1962. Mwaka ule uliondolewa ubaguzi wa kwenye karatasi, na ulistahili kuondolewa. Kilichowakalisha watoto pamoja kilikuja baadaye, kidogo kidogo. Ada ya sekondari ilifutwa 1964. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia msingi, na sinia la bati likakosa kazi. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini na ya jumuiya mikononi mwa serikali. Ile ya Aga Khan ikaja kuitwa Tambaza. Mwaka 1973 ada ya msingi nayo ikafutwa.

Na kulikuwa na suala la nyumba. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Sheria ile siipambi. Iliwakuta watu waliojenga ghorofa moja kwa jasho la baba na babu, na wengi wa niliosoma nao waliondoka, wengine Uingereza, wengine Canada, baadhi bila hata kuaga. Lakini nasema nilichokiona nikiwa mwalimu kijana niliyepewa vyumba viwili Upanga. Katika ngazi moja tulikuwa mjane wa Kikachi aliyebaki, nesi wa Muhimbili, dereva wa wizara na watoto wake saba, na mimi. Asubuhi watoto wote wa jengo waliteremka kwa makelele wakaenda shule moja, kwa miguu. Mjukuu wa yule mjane alikuja kwetu kutazama daftari la mwanangu, mwanangu akala kwao. Wakigombana, ugomvi ulipanda ngazi hadi kwa wazazi na kuishia hapo. Kitu ambacho shule peke yake ilishindwa kukifanya kule Mnazi Mmoja kilifanyika pale ngazini, kwa sababu shule na nyumba vilikuwa pamoja.

Nataka niwaonyeshe kitu kimoja. Shule niliyofundisha ilikuwa bado inatumia leja ya uandikishaji ya enzi ya mkoloni, kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, karatasi nene, safu zimechapwa tayari. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, kisha safu ya rangi: Mzungu, Mhindi, Mwafrika. Leja mpya zilikuwa hazijafika, na ile ya zamani ilikuwa na kurasa nyingi. Basi mwalimu mkuu mmoja, kabla yangu, alichukua rula na wino mwekundu akapiga mstari kwenye kichwa cha safu ile, ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho wa kitabu. Chini yake, kwenye nafasi iliyobaki, wakawa wanaandika mtoto anakaa wapi: mtaa na namba ya nyumba. Nami nimeandika humo majina ya watoto wengi. Mzazi alikuja na mtoto, nikamwuliza mnakaa wapi, akinitajia mtaa wetu nikaandika. Hapakuwa na swali lingine.

Najua mtakachonijibu, kwa hiyo nakisema mwenyewe. Shule hizo zilikuja kuelemewa. Kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1977, ilileta watoto wengi kuliko madarasa. Tulifundisha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, watoto wengine wamekaa sakafuni, kitabu kimoja kinapita mikono sita. Kiingereza kilidorora, nacho ndicho walichokikuta kikiwasubiri sekondari. Mwenye uwezo alianza kutafuta njia, na miaka ya 1990 shule binafsi za Kiingereza ziliporuhusiwa kuchukua watoto wa Kitanzania, njia ikapatikana. Siwalaumu wazazi. Mjukuu wangu mwenyewe anapanda basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, kichwa kimelala kwenye kioo kabla halijafika daraja la Salender. Katika jengo letu siku hizi nimeona sare za shule nne tofauti. Watoto hao wanapishana ngazini kama wapangaji wa gesti. Juzi nilimwuliza mjukuu wangu jina la mtoto wa ghorofa ya chini, wa rika lake kabisa, akaniambia, "Bibi, yule si wa shule yetu."

Basi mzazi mwenye fedha ana pa kwenda, na haki hiyo hakuna anayemnyang'anya. Hoja yangu ni juu ya shule iliyobaki. Nani wanaisoma sasa hivi? Nimekwenda kuangalia. Ni watoto wa walinzi wanaokaa sevanti kota za Upanga, wa mama ntilie, wa mafundi, wa madereva, wa wadada wa kazi waliopata bahati ya mwajiri kuruhusu mtoto akae naye. Ndio wakazi wa mtaa huu kama nilivyo mimi, ingawa kwenye kikao cha mtaa huwaoni, saa ile wako kazini. Mkiweka usaili wa Kiingereza mlangoni, hao ndio watakaotajiwa shule nyingine. Mtoto wa miaka sita atavuka barabara kubwa na kusubiri daladala kituoni, na sote tunajua konda akiona sare anavyofanya. Nafasi yake itachukuliwa na mtoto atakayeletwa kwa gari kutoka kata nyingine, kwa sababu ada ya serikali itakuwa nafuu kuliko ya shule binafsi. Jengo ni la umma, walimu wanalipwa na umma, tangu Januari 2016 tumeambiwa elimu ya msingi ni bila ada, halafu mtoto wa hapo hapo ndiye anayetolewa. Atakayeingia na atakayetolewa wote ni Waafrika, labda ndiyo maana hakuna anayeona aibu.

Sisemi watoto wasijue Kiingereza. Nimekifundisha maisha yangu yote. Mtaala ulioboreshwa umeanza kukifundisha tangu darasa la kwanza, na hilo nimelishangilia. Kazi iliyobaki ni mwalimu anayekiweza, kitabu kwa kila mtoto, na darasa ambalo mwalimu anaweza kulizunguka lote kabla kengele haijalia. Mnachofanya nyinyi ni kuwachota walimu wazuri wa Kiingereza kutoka shule za jirani na kuwarundika kwenye jengo moja la kulipia, kisha mnashangaa matokeo yake yanapanda. Hata mimi ningeyapandisha, tena bila kufundisha: ningechagua tu nani aingie. Shule za serikali za mchepuo huo zipo miaka mingi, Olympio na Diamond hapa Upanga, Arusha School kule Arusha, na sitaki kuzigusa. Naomba zisiongezwe kwa kuzila shule za mitaa.

Kama lazima mchepuo huo uanzishwe, uanzishwe kwa darasa la kwanza lote linalokaa katika kata, bila usaili na bila ada, waanze wote na sifuri na wafundishwe. Mtoto haletwi shule kwa sababu anakijua kitu; analetwa kwa kuwa hakijui. Nafasi zikizidi, hapo mchukue wa nje. Na maombi ya kuandikishwa yathibitishwe kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa, si kwa risiti ya benki.

Ombi la pili ni fupi. Kila ghorofa la zamani linapovunjwa Upanga na Kariakoo ili lijengwe refu zaidi, kibali kieleze watoto wa humo watasoma wapi, na viwanja vya shule visimegwe kwa fremu za maduka. Shule mbili ninazozijua tayari zimezungukwa na fremu kiasi kwamba geti unalitafuta.

La tatu ni zile leja. Mara ya mwisho nilipokwenda, ile yenye wino mwekundu ilikuwa stoo chini ya madawati mabovu, jalada limeota ukungu, panya wameanza upande wa jalada. Lazima shule nyingine zina za kwao. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ingeweza kutuma gari moja likazunguka shule kongwe za mji huu na kuzikusanya kabla hazijafungiwa vitumbua. Mwalimu mkuu wa sasa hana kinyongo, amesema akipata barua ya mwajiri wake atazitoa siku hiyo hiyo. Barua hiyo mnaweza kuiandika leo.

Kikao cha mtaa kitarudiwa. Naomba mtume ofisa atakayekuja na takwimu: watoto wangapi wa mtaa huu wapo shuleni sasa, wangapi watabaki baada ya usaili, na watakaoondolewa wanapelekwa shule ipi, umbali gani, darasa lake lina watoto wangapi tayari. Kifanyike Jumapili alasiri, walinzi na mama ntilie waweze kuhudhuria. Mimi nitakuwepo, kiti cha mbele, kwa sababu masikio yamepungua.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Upanga, Dar es Salaam.

Nakala: Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mwalimu Mkuu, Kamati ya Shule.